Madamu, Nilikutafuta Hukutokea: SEO kwa Anayeanza Tovuti

Mwaka jana nikiwa TP nilipangiwa kufundisha Kiswahili kidato cha pili kwenye shule moja ya kutwa. Wiki ya nne nikatoa jaribio. Swali mojawapo lilisema: toa mifano mitatu ya nahau. Wanafunzi 11 waliandika mfano uleule: "Haba na haba hujaza kibaba." Hiyo ni methali, sio nahau. Nikajua wametazamiana. Kumbe hapana. Nilipowaita mmoja mmoja wakaniambia wamejisomea nyumbani kwenye simu za wazazi na dada zao. Wameandika Google "nahau na mifano yake", wakafungua ukurasa uliotokea juu kabisa, wakanakili kwenye daftari.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na tovuti. Nilikuwa nimeifungua miezi mitatu kabla. Nililipia jina na nafasi kwenye seva kwa pesa ya bumu, nikaweka humo notisi za semi zote, methali upande wake, nahau upande wake, mifano kibao. Nikawauliza darasani, "Sasa mbona hamkusoma notisi zangu? Si ziko Google?" Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madamu, mimi nilikutafuta, hukutokea."

Jioni nikajitafuta mwenyewe. Ni kweli. Ukurasa wa kwanza sipo, wa pili sipo, wa tano sipo. Aliyekosea yuko juu, na watoto hao mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa.

Makala hii ni yale niliyojifunza kuanzia jioni ile. Jina lake ni SEO, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuiandaa tovuti ili injini za utafutaji, kama Google na Bing, ziikute, ziielewe na ziionyeshe kwa anayetafuta. Usiogope jina. Mimi nasoma ualimu, sio kompyuta, na mambo ya msingi niliyaelewa.

Kabla hujatafuta, kazi imeshafanyika

Wengi wetu tunadhani ukiandika swali Google, inakimbia kuzunguka intaneti nzima muda uleule. Sivyo. Kazi kubwa imefanyika zamani, na ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kutambaa. Google ina programu iitwayo Googlebot ambayo inatembelea kurasa kwa kufuata viungo, yaani zile linki tunazobonyeza. Inaingia ukurasa huu, inakuta kiungo, inaenda ukurasa ule, hivyo hivyo usiku na mchana.

Hatua ya pili ni faharasa. Fikiria kitabu cha kiada chenye orodha ya maneno nyuma: "semi, uk. 42". Hutafuti neno kwa kufunua kitabu kizima, unaenda kwenye orodha. Google nayo inasoma kila ukurasa ilioufikia, inajaribu kuelewa unahusu nini, kisha inauweka kwenye faharasa yake. Unapouliza, inatafuta humo. Ukurasa usiokuwemo hauwezi kutokea hata ungekuwa bora kuliko zote.

Hatua ya tatu ni kupanga. Kati ya kurasa zote zinazohusiana na swali lako, upi uwe wa kwanza, upi wa pili? Hapa inaangalia mambo mengi, na siri zote haitoi.

Kumbuka mpangilio huo. Ukiwa huonekani, jiulize kwanza umekwama hatua ipi. Ukurasa ambao Googlebot haijaufikia hausaidiwi na kichwa kizuri wala picha kali.

Angalia kama mlango uko wazi

Fungua Google uandike neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, namna hii: site:anwaniyako.co.tz. Utaona kurasa zako ambazo Google inazo. Orodha hiyo huenda isiwe kamili, lakini inakupa picha.

Mimi nilipata sifuri. Hakuna hata ukurasa mmoja.

Nilihangaika hadi usiku ndipo nikagundua. Nilitumia WordPress, na kwenye mipangilio yake ya usomaji kuna kisanduku kidogo cha kuziomba injini za utafutaji zisiiweke tovuti kwenye orodha zao. Nilikitia tiki mwenyewe siku ya kwanza, nikiona aibu watu wasije kuiona kabla haijapendeza. Kisha nikasahau. Miezi mitatu nimefunga mlango kwa ndani halafu nalalamika wageni hawaji!

Ukishatoa tiki hiyo, jiandikishe kwenye Google Search Console. Ni huduma ya bure. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, halafu unawasilisha ramani ya tovuti, ambayo ni faili lenye orodha ya kurasa zako zote. WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 hulitengeneza lenyewe. Humo ndani ya Search Console unaweza pia kuuangalia ukurasa mmoja mmoja, ukaona kama umo kwenye faharasa, na kama haumo ukaomba Google ije kuutazama. Kuomba sio kupata papo hapo. Inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa.

Andika maneno ya anayetafuta

Mlango ulipofunguka nikakutana na tatizo la pili, na hili ndilo lililonifundisha zaidi. Ukurasa wangu wa nahau ulikuwa na kichwa "Mada ya Nne". Hebu niambie, nani duniani anaamka asubuhi anatafuta "Mada ya Nne"? Ndani yake nilianza na "dhana ya semi katika fasihi simulizi". Hayo ni maneno ya muhtasari wa somo, lugha yetu sisi tunaosomea ualimu.

Kesho yake nikaingia darasani na vikaratasi. Nikawaambia, "Kama unataka kujua nahau ni nini, ungeandika nini Google? Andika vilevile kama ungeandika kwenye simu, usinipambie." Nilipovikusanya nilicheka peke yangu ofisini. "Tofauti ya methali na nahau." "Nahau na maana zake." "Notes za kiswahili form two." Katika vikaratasi vyote hakuna hata kimoja kilichosema "kidato cha pili". Hakuna "dhana". Wanachanganya Kiswahili na Kiingereza bila wasiwasi, kama tunavyofanya sisi kafeteria.

Usipokuwa na darasa la kuuliza, ziko njia nyingine. Anza kuandika neno lako Google polepole uangalie linavyokamilishwa. Hayo ni mapendekezo yanayotokana na yale watu wanayotafuta kweli. Shuka hadi chini ya ukurasa wa majibu, mara nyingi utakuta utafutaji mwingine unaohusiana. Pia kuna Google Trends, ya bure, inayokuonyesha neno lipi linatafutwa zaidi ya jingine na katika nchi gani. Kwa maneno ya Kiswahili wakati mwingine inakosa takwimu za kutosha, hapo rudi kwenye vikaratasi.

Hii haina maana uharibu Kiswahili chako. Mimi kichwa niliandika kwa Kiswahili sanifu, kisha kwenye aya ya kwanza nikasema mara moja tu kwamba notisi hizi ni za kidato cha pili, au form two kama wengi wanavyozoea kuita. Anayetafuta kwa njia yoyote anapata pa kuingilia.

Jambo la pili hapohapo: ukurasa mmoja ujibu swali moja. Nilikuwa na ukurasa mrefu kama treni wenye methali, vitendawili, nahau, misimu na mafumbo kwa pamoja. Nikaugawa. Ukurasa wa "Tofauti kati ya methali na nahau, pamoja na mifano" ukasimama peke yake.

Kichwa, maelezo na anwani

Kila ukurasa una kichwa ambacho Google hukitumia kwa kawaida kama ule mstari mkubwa unaobonyezwa kwenye majibu. Kiandike kwa ajili ya mtu. Kiwe kifupi maana kirefu hukatwa, kiseme ukurasa unatoa nini, na kila ukurasa uwe na chake. Tovuti nyingi za wanaoanza zina kurasa ishirini zote zinaitwa "Karibu kwenye tovuti yangu".

Chini yake huwa kuna maelezo mafupi ya mistari kama miwili. Google imesema maelezo haya hayakupandishi nafasi, na wakati mwingine hubadilisha yenyewe. Lakini ndiyo yanayomfanya mtu aamue akubonyeze wewe au jirani yako. Yaandike vizuri.

Anwani nayo isomeke. Yangu ilikuwa imejaa alama za kuuliza na namba. Sasa inaishia na tofauti-ya-methali-na-nahau, hata ukiituma kwenye grupu la darasa mtu anajua anaenda wapi. Ila kuwa makini: ukibadilisha anwani ya ukurasa ambao tayari unatembelewa, weka maelekezo ya kupeleka anwani ya zamani kwenye mpya, la sivyo wageni watagonga ukuta.

Na kama mtu atakushauri ujaze orodha ndefu ya maneno muhimu kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa, mwambie Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga majibu.

Picha ya daftari sio notisi

Kosa langu la tatu lilitokana na uvivu. Kurasa 12 za notisi sikuzichapa. Nilipiga picha daftari langu kwa simu nikapandisha picha. Mwandiko wangu mzuri, nikaona inatosha.

Haitoshi. Google yenyewe inashauri maneno muhimu yawe maandishi, yasifungiwe ndani ya picha. Na hata tungeiacha Google pembeni, picha moja ilikuwa na karibu MB 4. Ukurasa wenye picha sita ni MB 24. Huyo mtoto anayeazima simu ya baba yenye bando la siku, nimemmalizia bando kabla hajafika kwenye mfano wa kwanza. Nilichapa zote upya, siku tatu, vidole vikauma.

Picha zinazobaki, zipunguze uzito kabla ya kuzipandisha, na kila moja iwekee maelezo ya maneno yanayosema inaonyesha nini. Maelezo hayo yanaisaidia Google, na kabla yake yanamsaidia msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusomewa.

Pia ijaribu tovuti yako kwenye simu ya bei rahisi ya mwenzako, sio kwenye kompyuta ya maabara yenye intaneti ya chuo. Siku hizi Google hutumia zaidi toleo la simu la ukurasa wako inapousoma. Iko huduma ya bure iitwayo PageSpeed Insights inayokuambia ukurasa unafunguka haraka kiasi gani na ni kitu gani kinauchelewesha.

Viungo ni kama marejeo

Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google mwaka 1998 wakitokea Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wazo lililowatoa lilifanana na kitu tunachokijua hapa chuoni: marejeo. Makala ya utafiti inayotajwa na wengi huonekana ina uzito, na ikitajwa na mtaalamu mkubwa uzito unaongezeka. Wao wakasema, basi kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kutajwa. Leo Google inatazama mambo mengi zaidi, lakini viungo bado vina kazi.

Anza na viungo vya ndani. Ukurasa wa nahau uelekeze kwenye wa methali, wa methali kwenye wa vitendawili. Hata maneno unayoyabonyezesha yawe na maana. "Soma aina za vitendawili" ni bora kuliko "bonyeza hapa". Ukurasa ambao hakuna ukurasa mwingine unaouelekea, Googlebot itaufikiaje?

Viungo vya nje ni vigumu zaidi kwa sababu lazima mtu mwingine akuone unafaa. Nilimwomba mwalimu mmoja mwenye blogu ya mitihani ya majaribio asome notisi zangu. Alinisahihisha sehemu mbili, kisha akaweka kiungo. Kiungo hicho kimoja nakithamini kuliko mia za kununua.

Wanaouza nafasi ya kwanza

Nilipokuwa nahangaika, jamaa mmoja alinifuata akitaka shilingi 200,000, akiahidi ndani ya wiki mbili nitakuwa namba moja. Nilikuwa karibu kumpa. Kilichoniokoa ni maelekezo ya Google yenyewe yanayosema hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Hata ukiilipa Google kwa tangazo, tangazo linawekewa alama na halikupandishi kwenye majibu ya kawaida.

Njia za mkato zilikuwepo na zilifanya kazi zamani: kurudia neno moja mara hamsini, kununua viungo, kunakili kurasa za wengine. Mwaka 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyoshusha tovuti zenye maudhui hafifu. Mwaka 2012 ikaleta Penguin, iliyolenga viungo vya ujanja. Kuna waliolala juu wakaamka chini.

Kwa sisi wa ualimu kishawishi kikubwa ni kunakili. Unachukua notisi za mtu, unabadilisha jina. Ndivyo lile kosa la nahau lilivyosambaa: nilihesabu tovuti nne zenye maneno yaleyale, hadi nukta iliyokosewa. Mmoja alikosea, watatu wakamnakili, darasa langu likawa la tano.

Kama wewe unauza

Wenzangu mnaouza keki, mnaosuka nywele au wenye steshenari pale getini, yote haya yanawahusu, na mna silaha moja ya ziada. Google Business Profile ni ya bure. Unajaza jina la biashara, eneo, saa za kufungua, namba ya simu na picha, unathibitishwa, kisha unaweza kuonekana kwenye ramani mtu akitafuta huduma karibu naye. Hata tovuti sio lazima. Saa za kufungua zikibadilika, zibadilishe na huko. Mteja aliyetembea juani akakuta umefunga hatakuja tena.

Ilikuwaje mwisho wake

Wiki ya pili baada ya kufungua mlango, Search Console ilionyesha kurasa tisa zimeingia kwenye faharasa. Wiki ya mwisho ya TP, yule binti wa dawati la mbele alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo Madamu. Jana umetokea. Ila uko chini sana, nilishuka mpaka nikachoka."

Alikuwa sahihi. Leo, miezi kadhaa baadaye, anayeandika "tofauti ya methali na nahau" ananikuta ukurasa wa kwanza, nafasi ya sita au ya saba. Mwezi uliopita watu 31 walibonyeza. Ni wachache, lakini nikiwaweka kwenye madawati wanajaza chumba. Kwa "nahau na mifano yake" bado niko ukurasa wa tatu, na yule mwenye kosa bado yuko juu yangu. Nilimwandikia kwa heshima kumweleza kosa lilipo. Hajajibu. Kwa hiyo naendelea kuongeza mifano, kurekebisha, na kusubiri.

Nayaandika haya kwa sababu wengi wetu tunaelekea TP, na najua kila mmoja ataandaa notisi nzuri zitakazobaki kwenye daftari au kwenye laptopu mpaka iibiwe. Mtoto wa kidato cha pili akikwama saa mbili usiku haji kugonga chumba chako cha hosteli. Anaazima simu, anaandika maneno yake, na kinachotokea juu ndicho atakachokiandika kwenye mtihani.

Kama tovuti unayo tayari, leo kabla hujalala andika site, nukta mbili na anwani yako. Ukipata sifuri, kaangalie kile kisanduku.